Picha ya Jani ni Amana: Mchango wa Waislamu katika Uchoraji wa Mimea

Mama anamtuma mwanawe: "Nenda uani kwa jirani, uniletee majani ya mwarobaini." Kijana anakwenda, anarejea na fungu la majani mabichi, membamba, yaliyochongoka nchani. Mama anayasuuza, anayatia sufuriani na kuyafunika. Chumbani yuko mtoto mwenye homa. Katika nyumba nzima hakuna aliyeuliza swali ambalo matabibu wa Kiislamu wa karne zilizopita wasingethubutu kuliacha: je, huu ni mwarobaini kweli?

Swali hilo si la ubishi. Mwarobaini una ndugu yake, mti wa kivuli na mapambo uliopandwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ambao wataalamu wanauita Melia azedarach. Baadhi ya watu wetu nao huuita mwarobaini. Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, na kwa mbali imefanana mno. Lakini matunda ya huo wa pili ni sumu kwa binadamu, na mtoto ndiye anayedhurika upesi zaidi. Hata mwarobaini wenyewe una mipaka yake, kwani mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga.

Anayetaka kuitofautisha miti hii hana budi kusogea karibu. Jani la mwarobaini lina kijiti kimoja, na vijani vimejipanga huku na huku, kingo zake zikiwa na meno mfano wa msumeno. Jani la ndugu yake hugawika mara mbili: kijiti huzaa vijiti, na vijiti hivyo ndivyo vinavyobeba vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mwenzake yameingia rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini limerefuka kidogo kama zaituni. La mwenzake ni la mviringo, na vishada vyake vya manjano huning'inia mtini hata majani yakishapukutika.

Maneno yote hayo, picha moja iliyochorwa kwa uaminifu ingeyasema kwa mtazamo mmoja. Ndiyo maana kwa muda wa karne nyingi watu wenye elimu walitoa mali, macho na umri wao ili jani lichorwe kama lilivyo. Katika kazi hiyo Waislamu wana fungu kubwa, na fungu hilo watoto wetu hawalisomi shuleni.

Kuchora kisicho na roho

Huenda msomaji akatangulia kuuliza hukumu ya jambo lenyewe, kwani suala la picha limezungumzwa sana katika dini yetu. Katika Sahih al-Bukhari imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamhadithia onyo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu watengenezaji wa picha. Mtu yule akaingiwa na hofu kubwa hata uso wake ukabadilika rangi. Hapo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba kama hana budi kufanya kazi hiyo, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho.

Kutokana na mwongozo huo wanachuoni wengi wamejuzisha kuchora miti, maua na matunda. Mlango huo haukupitwa na mafundi wa nakshi za misikiti peke yao. Matabibu, wauza dawa na wanafunzi wa elimu ya mimea waliupitia pia.

Aidha, Qur'ani Tukufu inatuita tuitazame mimea kwa makini. Katika Suratul An'am, aya ya 99, baada ya kutajwa mitende, mizabibu, mizaituni na mikomamanga, ile inayofanana na isiyofanana, tunaamrishwa kuyatazama matunda yake yanapozaa na yanapoiva. Tuzingatie mambo mawili yaliyomo humo. La kwanza ni kwamba vitu hufanana na visifanane kwa wakati mmoja. Na hapo ndipo asiyetazama vizuri anapokosea. La pili ni kwamba mmea hautazamwi mara moja tu, bali hutazamwa kwa nyakati zake. Mambo haya mawili ndiyo yaliyowatatiza wachoraji wa mimea tangu zama za kale.

Tatizo la kale: picha inayozeeka

Katika karne ya kwanza Miladia aliishi tabibu aitwaye Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbus, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliandika kwa Kigiriki kitabu cha dawa chenye sehemu tano, akieleza takriban mimea 600 pamoja na dawa zitokanazo na wanyama na madini. Kitabu hicho kilikuwa marejeo ya matabibu kwa zaidi ya miaka 1,500, mashariki na magharibi.

Katika karne hiyohiyo mwandishi wa Kirumi aitwaye Pliny aliwataja Wagiriki waliotangulia kuchora mimea katika vitabu vya tiba. Akaonesha kasoro mbili za kazi yao. Kwanza, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na kila mnakili alipotoka kidogo kwenye picha aliyoiona, hata baada ya nakala kadhaa jani likawa si jani lile tena. Pili, mchoraji aliuchora mmea katika hali moja tu, ilhali mmea hubadilika sura kwa kadiri msimu unavyobadilika. Mwenye kuujua katika maua huenda asiutambue ukiwa mkavu.

Mfano bora wa picha za zama hizo uliosalia ni kitabu cha Dioscorides kilichotengenezwa Constantinople yapata mwaka 512 kwa ajili ya binti wa kifalme aitwaye Anicia Juliana. Kina picha za mimea karibu 400. Baadhi yake ni hai kiasi kwamba mtu anaweza kuchukua kitabu hicho leo na kuutambua mmea shambani; nyingine zimekwisha kuwa mapambo. Kitabu hicho kilipita mikono mingi, na kwenye kurasa zake, kando ya majina ya Kigiriki, watu wa baadaye waliandika majina ya Kiarabu, Kituruki na Kiebrania. Kwa wakati fulani kilimilikiwa na daktari Myahudi wa Sultan Suleiman wa dola ya Uthmaniya. Mwaka 1569 kilinunuliwa na kupelekwa Vienna, Austria, na huko kingali mpaka leo.

Majina yale ya pembezoni yana maana kubwa. Lugha zilikuwa tofauti na dini zilikuwa tofauti, lakini kila msomaji aliitazama picha ileile akaandika: huu kwetu unaitwa hivi.

Baghdad: uaminifu wa kuacha pengo

Katika karne ya tatu Hijria, zama za Khalifa al-Mutawakkil, kitabu cha Dioscorides kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad. Mfasiri alikuwa Istifan bin Basil, na kazi yake ilisahihishwa na Hunayn bin Ishaq, bingwa wa wafasiri wa zama hizo. Habari ya tafsiri hiyo tunaipata kwa tabibu wa Andalusia aitwaye Ibn Juljul. Anasema kwamba Istifan aliyafasiri majina yale aliyoyajua kwa Kiarabu. Yale asiyoyajua aliyaacha katika Kigiriki chake, akitumaini kuwa Mwenyezi Mungu atamleta baada yake mtu atakayeyajua.

Ni jambo dogo kulisoma, lakini lina adabu kubwa ndani yake. Mfasiri angeweza kubuni jina, au kuweka mmea wa karibu mahali pa mmea asioujua, na pengine hakuna ambaye angemgundua. Hakufanya hivyo, kwa kuwa mwisho wa kazi yake ulikuwa kinywani mwa mgonjwa. Akaliacha pengo wazi ili kila msomaji ajue kwamba hapa elimu imekoma.

Wakati huohuo wapo waliotegemea maneno bila picha. Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyefariki mwaka 282 Hijria (895), aliandika kitabu kikubwa cha mimea ya Waarabu. Alikusanya humo maelezo ya majani, maua, miiba na harufu, kama yalivyosemwa na watu wa jangwani na wajuzi wa lugha. Ufasaha wake ulikuwa wa hali ya juu. Hata hivyo, neno "chembamba" kwa mtu wa jangwani si "chembamba" kwa mtu wa pwani. Maneno huhitaji macho ya kuyashuhudia.

Cordoba: picha iliyowakutanisha watu

Mwaka 337 Hijria (948), mfalme wa Constantinople alimpelekea Khalifa Abdurrahman III wa Cordoba zawadi. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha Dioscorides kwa Kigiriki, chenye picha za mimea zilizochorwa kwa ustadi wa ajabu. Mfalme aliambatanisha tahadhari: faida ya kitabu hiki haipatikani ila kwa mtu aijuaye lugha ya Kigiriki na kuzijua dawa zenyewe.

Mtu huyo hakuwapo Cordoba. Kitabu kikakaa katika hazina ya Khalifa. Ndipo Abdurrahman akaomba aletewe mjuzi, na mwaka 340 Hijria (951) akafika mtawa wa Kikristo aitwaye Nikolas. Akaungana na Hasdai ibn Shaprut, tabibu Myahudi aliyekuwa karibu na Khalifa, pamoja na matabibu kadhaa wa Cordoba waliokuwa na shauku ya kuyajua yale majina aliyoyaacha Istifan. Mmoja wao alikuwa Muhammad, maarufu kwa lakabu ya ash-Shajjar, yaani mtu wa miti. Mwingine alitoka Sicily na alikuwa akizungumza Kigiriki.

Ibn Juljul, ambaye katika ujana wake aliwadiriki watu hao, anaeleza kwamba walifanya kazi hiyo hata shaka ikaondoka. Dawa zikatambulikana kwa majina na kwa sura zake katika ardhi ya Andalusia, isipokuwa chache zipatazo kumi zisizo na umuhimu mkubwa. Yeye mwenyewe baadaye aliandika risala kuhusu dawa ambazo Dioscorides hakuzitaja.

Dua ya mfasiri wa Baghdad ilijibiwa baada ya miaka mia moja hivi, na kilichowasaidia wajuzi hao ni kwamba majina yalikuja yameambatana na picha. Aliyejua Kigiriki alisoma jina, aliyejua mlima wa Andalusia aliitazama picha, na kwa pamoja wakafika kwenye mmea.

As-Suri na mchoraji wake mlimani

Ilibaki ile kasoro ya pili aliyoitaja Pliny: mmea mmoja, sura nyingi. Kwa jinsi tunavyojua, jibu lililo kamili zaidi lilitoka Sham katika karne ya saba Hijria.

Rashid ad-Din as-Suri alizaliwa katika mji wa Sur, pwani ya Lebanon ya leo, mwaka 573 Hijria, akafariki mwaka 639 (1241). Alikuwa tabibu aliyewatumikia watawala wa ukoo wa Ayyub. Habari zake zimeandikwa na Ibn Abi Usaybi'a, mwanahistoria wa matabibu aliyekuwa akimfahamu. Anasimulia kwamba as-Suri alikuwa akienda Mlima Lebanon na mahali pengine penye mimea ya kipekee, akifuatana na mchoraji aliyebeba rangi za kila namna. As-Suri huutazama mmea kwanza na kuuhakiki. Kisha humwonesha mchoraji, naye huzingatia rangi yake, kadiri ya majani yake, matawi yake na mizizi yake, ndipo anapochora akijitahidi kuufuata kama ulivyo.

Na hakuishia hapo. Humwonesha mchoraji mmea huo ungali mchanga na mbichi, akauchora. Kisha humwonesha tena wakati umekomaa na mbegu zake zimetokeza, akauchora. Kisha mara ya tatu, umenyauka na kukauka, akauchora. Kwa hiyo mwenye kukisoma kitabu aliziona picha tatu za mmea mmoja, na katika hali yoyote atakayoukuta ardhini angeweza kuutambua.

Fikiria gharama yake. Mchoraji mmoja hupanda mlima huohuo mara tatu, katika misimu mitatu, kwa ajili ya kichaka ambacho wachungaji wa mbuzi hukipita bila kukitazama. Hakukuwa na haraka ya kumaliza kitabu. Palikuwa na hofu ya kumpotosha msomaji asiyejulikana, katika mji asioujua mwandishi, atakayechuma jani kavu kwa ajili ya mtoto wake.

Mwenendo huu haukuwa wa mtu mmoja. Zama hizohizo aliishi Abul Abbas an-Nabati wa Seville, aliyefariki mwaka 637 Hijria (1239). Alikuwa mwanachuoni wa Hadithi na pia mjuzi mkubwa wa mimea, akasafiri kutoka Andalusia hadi Misri, Sham, Iraq na Hijaz akiichunguza. Si ajabu elimu hizo mbili zikakutana kwa mtu mmoja. Mwanachuoni wa Hadithi huuliza: nani kakwambia, naye kasikia wapi, na je, ni mkweli? Mjuzi wa mimea naye huuliza: umeuona mwenyewe, au umesoma tu? Mwanafunzi wake, Ibn al-Baytar, aliyefariki Damascus mwaka 646 Hijria (1248), alikusanya dawa na vyakula zaidi ya 1,400 katika kitabu chake mashuhuri, akihusisha kila kauli na msemaji wake.

Kitabu cha as-Suri chenye picha tatu tatu hakikutufikia. Lau Ibn Abi Usaybi'a asingeandika kurasa zile chache, hata jina la kazi hiyo tusingelijua.

Picha inapogeuka pambo

Baadhi ya vitabu vya aina hiyo vimesalia. Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kina nakala ya Kiarabu ya Dioscorides yenye picha, iliyoandikwa mwaka 475 Hijria (1083). Nakala nyingine, ya mwaka 621 Hijria (1224), imebaki Istanbul ikiwa pungufu, kwani kurasa zake kadhaa zenye picha ziling'olewa, na leo zimetawanyika katika makumbusho ya Marekani na Ulaya. Mtazamaji huipendeza rangi yake ukutani, lakini maelezo ya dawa yaliyoambatana na picha hiyo yamebaki bara jingine. Hapo ndipo tunapoiona tofauti ya picha ya elimu na picha ya pambo.

Hatusemi kwamba pambo ni baya. Vigae vya msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul, uliojengwa katika miaka ya 1560, vimejaa tulipu na mikarafuu ya maua, na muumini huingia kama anayeingia bustanini. Milango ya kale ya Unguja na Lamu imechongwa maua na majani, na khanga za mama zetu zina nakshi ya korosho. Lakini fundi wa nakshi ana ruhusa ya kuongeza ua moja ili pande mbili zilingane. Mchoraji wa mimea hana ruhusa hiyo. Jani likiwa limetobolewa na mdudu, basi limetobolewa.

Mafundi wengine waliyaunganisha yote mawili. Mfalme Jahangir wa dola ya Mughal, India, alipozuru Kashmir mwaka 1620, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba maua ya nchi ile hayahesabiki, na kwamba yale aliyoyachora Ustadh Mansur, mchoraji wake, yalizidi mia moja. Ni machache tu kati ya hayo yanayojulikana leo.

Huko Ulaya nako, baada ya kuenea kwa uchapaji, kazi hii ilipata nguvu mpya. Picha ikishachongwa kwenye ubao au shaba, nakala ya elfu moja haipotoki kama ilivyopotoka ya mnakili. Mwaka 1542 Leonhart Fuchs alichapisha kitabu chenye picha za mimea zipatazo 500, na ndani yake akaweka sura za wachoraji wake wawili na mchongaji wao, heshima ambayo mafundi hawakuizoea. Kati ya mwaka 1737 na 1739, mwanamke aitwaye Elizabeth Blackwell, ambaye mumewe alikuwa gerezani London kwa ajili ya deni, alichora mimea 500 ya dawa kwa mkono wake, akaichonga kwenye shaba na kuipaka rangi mwenyewe, kurasa nne kila juma. Alikuwa akiishi jirani na bustani ya dawa ya Chelsea ili auchore mmea mbele ya macho yake. Kwa mapato ya kazi hiyo mumewe alitolewa gerezani.

Pwani na milima yetu

Uchoraji huo wa Ulaya ulifika kwetu pamoja na ukoloni, na hapa hadithi inabadilika. Katika miaka ya mwanzo ya 1890, ofisa wa Kijerumani wa Tanga aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire aliyaona maua madogo ya zambarau katika milima ya Usambara, akayapeleka kwao. Mwaka 1893 mmea huo ulipewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kutokana na jina la ukoo wake. Ukachorwa, ukakuzwa katika vyungu, na leo umo madirishani duniani kote. Huko ulikotoka, misitu inapungua, na aina kadhaa zake zimo hatarini kutoweka.

Picha zile zilichorwa kwa usahihi, hilo hatulikatai. Lakini kitu kilichowatokea matabibu wa Cordoba hakikutokea Usambara. Pale Cordoba kila mwenye lugha yake aliulizwa jina la mmea. Hapa jina lililopewa heshima ni la aliyeuchukua. Baadaye ilifanyika kazi kubwa zaidi: kati ya mwaka 1952 na 2012 ilichapishwa, sehemu kwa sehemu, orodha ya mimea ya mwituni ya Kenya, Tanzania na Uganda, zaidi ya aina 12,000, ikiwa na michoro mingi ya wino. Aghalabu michoro hiyo ilitokana na mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika karatasi. Kwa Unguja na Pemba, R. O. Williams alichapisha mwaka 1949 kitabu kuhusu mimea yao ya manufaa na ya mapambo. Kazi hizi ni hazina, lakini ziko katika Kiingereza, na zimo katika maktaba ambazo mama wa mwanzo wa makala haya hatazifikia.

Elimu anayoitegemea mama huyo imo kichwani mwa bibi yake. Bibi anajua tofauti ya kivumbasi na mrehani kwa kunusa, na anajua jani la kuchuma na la kuliacha. Lakini hajaandika, na mjukuu anapokea picha za simu zisizo na jina la aliyezipiga, mahali zilipopigwa wala aliyeuhakiki mmea. Picha hizo zinakwenda mbali kuliko nakala yoyote ya Baghdad, nazo hazina mtu wa kuulizwa.

Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba anayejitia katika utabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo, yeye hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud na wengineo. Anayesambaza picha ya jani na kuandika chini yake kwamba linatibu maradhi fulani, na ajiulize kama yuko tayari kuibeba dhamana hiyo.

Daftari la familia

Lipo jambo ambalo kila familia inaweza kulifanya, na halihitaji fedha nyingi. Nunueni daftari lisilo na mistari, penseli na rula. Mwombeni bibi au babu, maadamu yu hai na ana nguvu za kutembea, awaoneshe mimea mitano tu anayoijua barabara. Kisha mtoto aichore kwa utaratibu wa as-Suri: mara ya kwanza ingali michanga, mara ya pili ikiwa na maua au matunda, mara ya tatu imekauka. Zoezi hilo litachukua miezi, na hiyo ndiyo faida yake, kwani mtoto atajifunza kwamba kuona si jambo la mara moja.

Achore kwa kipimo, akiandika urefu wa jani kwa sentimita. Ahesabu vijani, asikadirie. Alipindue jani autazame upande wa chini. Alipasue tunda aoneshe mbegu zilivyokaa. Hapo atatambua kwa nini mchoro bado una kazi hata katika zama za kamera: mchoro mmoja unaweza kuweka ua, tunda, mbegu na mzizi katika ukurasa mmoja, ilhali kamera huona kile kilichopo saa ile tu. Anuse, lakini asionje.

Chini ya picha aandike jina kama anavyolitamka bibi, si kama lilivyo kwingineko. Na majina mengine, kama yapo, ayaandike pembeni. Aandike mahali na tarehe ya Hijria na Miladia. Aandike pia isnadi yake: nimeelezwa na bibi, naye kaelezwa na mama yake, nami nimeuona mwenyewe mahali fulani. Na pale ambapo bibi atasema "jina lake nimelisahau", aache nafasi tupu, kama alivyofanya Istifan wa Baghdad, asibuni.

Daftari hilo halimfanyi mtu kuwa tabibu, wala halichukui nafasi ya hospitali. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe. Kazi ya daftari ni kuhifadhi amana, ili vizazi vijavyo vikitaka kujua bibi zao waliita nini mmea ule, na ulikuwa na sura gani, wapate pa kutazama.

Tumrejee yule kijana aliyetumwa uani. Lau angekuwa amewahi kukaa chini ya mti ule kwa penseli, akahesabu vijani vyake na kuyaona maua yake meupe, angejua analichuma nini. Na lau angeukuta ule mwingine, angerudi mikono mitupu na kumwambia mama yake: "Mama, ule si mwarobaini." Kwa jibu hilo angekuwa ameitumia elimu ambayo as-Suri aliipandia mlima mara tatu.

Mwenyezi Mungu ndiye aliyemfundisha baba yetu Adam (a.s.) majina ya vitu vyote. Tunamwomba atujaalie kuyahifadhi yale machache tuliyorithishwa, na atulinde na kusema tusilolijua. Amin.